Rezime Iliyompeleka Houssein Muyinga

Msomaji wangu, juma lililopita uliniacha nacheka. Kicheko hicho ukiweke pembeni, leo hakitatufaa.

Kwa aliyenikosa: naitwa Latifa, binti wa Mahmudu fundi cherehani wa mtaa wa Yoba, mjini Gitega. Nilisoma sheria Bujumbura, Buja kwetu sisi, katika miaka ya vita, nikarudi nyumbani na diploma yangu kujiandaa na mtihani wa Baro, ule unaomfungulia mtu mlango wa uwakili. Houssein, niliyekaa naye benchi moja darasani, alikuwa ameleta posa. Baba alikubali. Ndoa iliwekwa baada ya mtihani.

Hapo ndipo tulipofika.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, tukaiita ambargo. Petroli iliingia kwa magendo. Sukari iliingia kwa magendo. Lakini nani atahatarisha shingo yake kuvusha kitabu cha sheria?

Basi wakazuka wauza rezime. Vijitabu vya fotokopi, kozi za miaka minne zimefupishwa ukazitia kwenye mkoba. Kila muuzaji aliapa kwamba ukikariri chake, umeshakuwa wakili.

Sisi wa Gitega tuliokuwa tunajiandaa tulikutana siku za Jumamosi katika karakana ya baba, katikati ya vitambaa. Saidi, aliyekuwa kama mkubwa wetu, ndiye aliyetoa wazo.

"Latifa, we uko na jicho," alisema. "Hizi rezime ziko nyingi, na sisi hatuna muda. Zisome zote, utuambie tushike ipi."

"Na nikisema mbaya?"

"Sema. Bora tulie hapa kuliko kulia Buja kwenye mtihani."

Houssein alikuwa amekaa karibu na cherehani. Alitabasamu tu. Tabasamu lile nalikumbuka mpaka leo.

Nilifanya kazi ile kwa moyo. Nilikuwa na kitabu cha sheria za nchi, halisi, alichoniachia mwalimu wangu mmoja kabla hajaikimbia Buja. Nilichukua swali moja, nikaficha jibu la rezime kwa kiganja, nikajibu mwenyewe. Kisha nikafungua kitabu cha sheria kuona nani kakosea, mimi au rezime.

Rezime ya kwanza ilitoka Buja, jalada lake linang'aa. Majibu yalikuwa sahihi lakini makavu, hayakueleza kwa nini. Mtahini akigeuza swali kidogo tu, umepotea.

Halafu kulikuwa na masomo ya jaji mmoja mstaafu, aliyefundisha sebuleni kwake. Mzee yule alipenda mno kusimulia kesi zake. Lakini alikulazimisha uandike jibu lako, halafu analikata kwa wino mwekundu, anakuambia, "Andika tena." Niliona hapo ndipo mtu anapojifunza.

Ya tatu ilitoka mji wa Muyinga, kule kaskazini karibu na mpaka wa Tanzania. Haikuwa na jina la mwandishi. Hii ndiyo waliyoipenda wote, na Saidi alikuwa ameshaikariri nusu.

Mimi pia, mwanzoni, iliniteka. Mwandishi alieleza mambo kama mtu anayezungumza nawe jikoni. Alitoa mifano ya ng'ombe walioingia shamba la mtu Makebuko, ya ndugu wawili wa Nyarusange waliogombea mpaka wa migomba. Nilicheka peke yangu. Nilijiambia, huyu ningependa kumjua.

Kisha nikafika mlango wa sheria ya familia.

Ndoa, talaka, watoto, mali ya nyumbani, yote yalikuwa ya zamani. Sheria ya watu na familia ilifanyiwa mageuzi mwaka wa tisini na tatu. Rezime hii ilikuwa bado inafundisha ile ya kabla yake, kurasa kwa kurasa, bila hata neno la tahadhari. Aliyekariri mlango ule angeingia kwenye mtihani na sheria iliyokwisha kufa.

Nilikasirika. Niliwafikiria wale waliokuwa wakikesha na karatasi hizi.

Jumamosi iliyofuata nikasimama mbele ya wenzangu.

"Rezime ya Buja, tumieni kukumbushana tu," nilisema. "Nendeni kwa jaji mstaafu, muandike, awakatie majibu, muandike tena. Hii ya Muyinga, itupeni."

"Itupwe?" Saidi aliruka. "Lakini Latifa, iko tamu!"

"Hata sumu iko tamu. Mlango wa familia wote ni takataka. Aliyeandika ni mvivu, hata hakujisumbua kuuliza kama sheria imebadilika. Anauza uongo kwa watu wanaotafuta maisha."

Houssein aliweka kikombe chake cha chai chini, polepole.

"Ni mimi," alisema.

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mzaha.

"Ni mimi nimeandika," Houssein alirudia. "Latifa anasema kweli. Itupeni."

Akatoka.

Nilimkuta nyuma ya msikiti, ameegemea ukuta. Nilitaka kumshika mkono lakini watu walikuwa wanapita.

"Houssein, mi sikujua. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Nilitaka usijue."

"Kwa nini ulinificha?"

"Nilitaka uipende kwanza, halafu nikuambie."

Kisha akaendelea.

"Si kazi yangu peke yangu, Lati. Ni kozi za Shabani."

Shabani alikuwa kaka yake mkubwa. Alisoma sheria kabla yetu, akauawa vita vilipoanza, katika zile siku ambazo hatupendi kuzitaja. Houssein alikuwa amezichukua kozi za marehemu na kuzipiga taipu moja moja.

"Ile mifano ya ng'ombe wa Makebuko ni yake," alisema. "Alikuwa anatuchekesha nayo mezani. Nikipiga taipu, mi namsikia anaongea. Ningewezaje kubadilisha maneno yake? Sikufikiri hata kuangalia kama sheria imebadilika. Nilikuwa nasikiliza sauti tu."

Nikalia palepale. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikamwita marehemu mvivu.

"Kurasa za mwanzo nilizipenda," nilisema. "Nilitamani kumjua aliyeziandika."

"Usinionee huruma."

"Si huruma!"

Alikuwa anatazama mbali, na niliona kuna jambo jingine zito kuliko aibu.

"Mwaka jana Bulonza aliiuza rezime hii kule Muyinga," alisema. "Kuna watu waliingia nayo kwenye mtihani, Lati."

Bulonza alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kusini, huko Kongo, mwenye mashine ya fotokopi pale Muyinga. Ndiye aliyechapa na kuuza. Mpaka siku ile Houssein alidhani kwamba yeye na ndugu yake wamewasaidia watu.

"Naenda Muyinga," alisema. "Nitawatafuta wenye nayo niwaambie. Na Bulonza aache kuchapa."

"Barabara haiko nzuri, Houssein. Juzi tu wamechoma gari."

"We ungekaa?"

Msomaji, hilo ndilo swali linaloniamsha mpaka leo. Nilijua jibu. Nisingekaa. Kwa hiyo nilinyamaza, na yeye akauchukua ukimya wangu kama ruhusa.

Mama yake, Mama Zaituni, alimsihi kuliko mimi. Alimshika shati.

"Mwanangu, nimezika mmoja. Usinifanyie hivi kwa ajili ya makaratasi."

"Mama, makaratasi yenyewe ni ya Shabani. Nikiacha yadanganye watu, nitakuwa nimemzika vibaya."

Asubuhi nilimsindikiza mpaka maegesho ya magari. Alipanda basi dogo la Muyinga, akakaa dirishani. Nilitaka kumwambia maneno mazuri. Nilichosema ni, "Usisahau kula." Akacheka. Gari likaondoka.

Hakurudi.

Habari zilifika Gitega kwa mdomo wa madereva. Basi dogo lililokuwa linatoka Muyinga lilivamiwa kwenye makona, kabla ya Karuzi. Waliochelewa kuruka waliungua ndani. Hakuna aliyeweza kusema huyu ni nani na yule ni nani. Lakini ndilo gari ambalo Houssein alikuwa amemwambia dereva mmoja wa Yoba kwamba atarudi nalo.

Baba alirudi kutoka kuulizia, akakaa mlangoni, hakuvua hata viatu. Nikaelewa.

Tuliweka matanga bila maiti. Msikitini walimswalia sala ya mtu aliye mbali. Wanawake walijaa kwa Mama Zaituni, nami nilipoingia hawakujua wanikalishe wapi. Sikuwa mke, kwa hiyo sikuwa na eda ya kukaa. Sikuwa ndugu. Nilisimama na khanga yangu mkononi kama mgeni aliyekosea nyumba, mpaka Mama Zaituni mwenyewe akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kaa hapa, mwanangu. Ubavuni kwangu."

Bombani nilisikia wakisema, "Ulimi wake huyu msichana ndio uliomtoa mwenzake." Hawakunong'ona hata. Nilijaza ndoo yangu nikaenda. Ningewajibu nini? Usiniulize kama walikosea.

Sikutaka kufanya mtihani. Kitabu cha sheria nilikisukuma chini ya kitanda. Baba hakunilazimisha, ila kila jioni alinitazama, anapanga nyuzi zake, ananitazama tena.

Aliyekuja kunitoa ni Mama Zaituni.

"Utaenda Buja," alisema.

"Mama, siwezi."

"Mi nilikuwa na watoto wawili waliosoma sheria. Leo sina hata mmoja. Usipokwenda, basi wote walisoma bure. Vaa nguo, mwanangu."

Nilikwenda, katika msafara wa magari yanayosindikizwa na askari. Tulikaa kwenye chumba cha mtihani, Saidi mbele yangu. Maswali yakagawiwa. Nikasoma la sheria ya familia.

Lilisema hivi: mwanamume ameondoka nyumbani kwa safari wakati wa machafuko, hakurudi, wala hakuna aliyemwona. Aliyeachwa anataka kujua yeye ni nani mbele ya sheria. Mshauri.

Herufi zilicheza machoni. Msimamizi alikuja akaniuliza kwa upole, "Dada, we mgonjwa?" Nikatikisa kichwa.

Sikukumbuka rezime yoyote. Nilikumbuka wino mwekundu wa jaji mstaafu: andika tena. Nikaandika. Niliandika kwamba kutoonekana si kufa. Kwamba sheria haina haraka ya kumzika mtu; inataka ushahidi, inataka watu waulizwe, na ni jaji tu mwenye kutamka neno la mwisho. Niliandika kwamba aliyeachwa hawezi kulazimishwa kulia wala kukatazwa kungoja. Hilo la mwisho halimo katika sheria yoyote. Nililiacha hivyo hivyo.

Nilifaulu. Saidi alifaulu. Wote waliokwenda kwa jaji mstaafu walifaulu, isipokuwa mmoja aliyeugua. Yoba walipiga vigelegele. Saidi alisema mbele ya watu, "Latifa alituambia kweli, ndiyo maana tuko hapa." Alitaka kuniheshimu. Nilikwenda nyuma ya nyumba mpaka vigelegele vilipokwisha.

Baada ya siku chache Mama Zaituni alikuja, amevaa buibui lake jema. Alikataa chai.

"Sasa we ni wakili."

"Bado najifunza kazi, Mama. Niko chini ya wakili mkubwa."

"Inatosha. Nataka uniandikie mahakamani. Jaji aseme Houssein amekufa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama?"

"Kila siku nampakulia chakula. Naweka sahani, nafunika. Usiku naitoa, nawapa kuku. Nimechoka, mwanangu. Nataka mtu mwenye mamlaka aniambie niache."

Tulishikana tukalia mpaka baba alipozima cherehani yake kule ng'ambo ya ukuta.

Nilimweleza kwamba jaji atataka shahidi. Mtu aliyemwona Houssein kwa macho yake akipanda lile gari Muyinga. Bila hivyo ni uvumi wa madereva tu.

"Basi twende Muyinga," alisema.

"Nitakwenda mwenyewe, Mama. Barabara..."

"Barabara imeshachukua ilichotaka kwangu. Twende."

Tukafika Muyinga jua limepinda. Duka la Bulonza lilikuwa karibu na soko: kalamu, bahasha, na mashine ya fotokopi iliyofunikwa kitambaa. Bulonza mwenyewe alikuwa amesafiri. Tulimkuta mkewe, Donatienne, mama mnene mwenye uso mwema. Tulipomwambia sisi ni akina nani, aliangusha kalamu alizokuwa anapanga.

"Karibuni," alisema, sauti haina nguvu. "Karibuni ndani."

Wakati wa alasiri ulikuwa umefika. Mama Zaituni aliomba maji ya kutawadha na mahali pa kuswali, akapewa chumba cha ndani. Nikabaki dukani na Donatienne.

"Mama Donatienne, sitakuchosha," nilianza. "Nataka jambo moja tu. Siku ile Houssein anarudi Gitega, ulimwona akipanda gari?"

"Hiyo siku watu walikuwa wengi."

"Lakini alitoka hapa dukani kwenda kupanda?"

"Alitoka hapa, ndiyo."

"Basi inatosha. Utakuja Gitega, utaapa mbele ya jaji kwamba alikwenda kupanda lile gari, mama yake apate kupumzika."

Alivuta kiti, akakaa.

"Kuapa? Na mukono juu?"

"Ndiyo. Ni kawaida tu."

"Dada, mi ni mukristo. Siwezi kuapa bongo."

Nilihisi baridi. "Uongo gani?"

Alitazama mlango wa chumba cha ndani. Tulisikia Mama Zaituni akinong'ona sala zake. Donatienne akasogeza kiti karibu yangu.

"Hakupandaka ile gari," alisema.

Niliinama karibu naye, naye akaendelea.

"Alikuja hapa kuuliza majina ya wenye walinunua. Kulikuwa kijana mumoja anaitwa Esdras, mutoto mupekee wa mama mujane. Esdras alikariri ile rezime yote, akaenda Buja, akaanguka mutihani. Akarudi na hasira, akaingia mu pori na wapiganaji. Hakumaliza hata miezi mingi, wakamuua."

"Houssein alijua?"

"Mi ndiye nilimuambia. Mungu anisamehe. Alisema lazima amuone yule mama. Alienda kule asubuhi, akakawia, gari ikamuacha. Kesho yake tukasikia gari imeungua."

"Kwa hiyo yuko hai!" Nilimshika mabega. "Donatienne, yuko hai?"

"Siku hiyo alikuwa muzima, nilimupa chai na mikono yangu. Alikuwa nalia. Akasema, Shabani na mi tumeua mutoto wa mutu. Akasema hawezi kurudi kukutazama macho. Nilimuambia, baba, rudi kwenu, muchumba wako iko nakungoja. Alikataa. Mume wangu akamusindikiza mupaka karibu na Kobero, akavuka kwa njia za panya, upande wa Tanzania."

"Na hukutuma hata neno!"

"Alituapisha. Sisi ni wakimbizi hapa, dada, tunaogopa kuingia mu mambo ya wenye inchi. Alisema, waacheni waamini nilikuwa mu ile gari. Latifa akijua niko muzima hatasoma tena, atanifuata."

Nilisimama. Nikakaa. Sijui ni furaha gani ile iliyokuja imeshika kisu. Miezi yote ile, matanga yale, sala ile, yeye alikuwa anapumua mahali, na alichagua nimlilie.

"Mama yake asijue," nilisema haraka, hata sijui kwa nini. "Donatienne, nakuomba. Kwanza nifikiri. Itamuua."

Donatienne hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu ya bega langu.

Niligeuka. Mama Zaituni alikuwa amesimama mlangoni, matone ya maji ya udhu yakiwa bado kwenye nywele za paji la uso. Alikuwa amekunja mswala na kuukumbatia kifuani. Sikujua amesimama pale tangu neno gani.

Hakupiga kelele. Hakulia. Alivuka duka lile dogo, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti, akaenda kusimama mbele ya Donatienne.

"Kobero iko upande gani?" aliuliza.

Donatienne akanyoosha mkono.

Ndipo Mama Zaituni aliponigeukia. Macho yale yaliyonikalisha ubavuni kwake siku za matanga hayakuwepo tena.

"Na wewe, wakili," alisema. "Ulitaka kunificha mwanangu?"

Akatoka barabarani, peke yake, kuelekea mpakani.